Mwizi Aliyeacha Bia

Mwizi alichukua chanjo, akaacha bia.

Inspekta Xavier Mayamba alisimama mbele ya friji ya ghala la dawa, mikono nyuma, akazitazama chupa za bia zilizopangwa safu kwa safu kama wanafunzi mstarini. Kichupa cha chanjo ya surua hakikuwepo hata kimoja. Kule juu, hata mabarafu ya kusafirishia dawa yalikuwa yameondolewa. Chini ya friji moto wa petroli, yaani mafuta ya taa, ulikuwa bado unawaka, mdogo, wa buluu, utambi umekatwa vizuri usitoe moshi.

"Chef," alisema Brigadia Kambere, msaidizi wake, mwenyeji wa Butembo na mtu wa mzaha hata kilioni, "niko mu polisi tangu sijaoa. Mwizi wa kuacha bia, na yenye imepoa, sijamuona. Huyu ni mutu wa kanisa ya Baprotestanti."

"Andika kwamba kufuli halikuvunjwa."

"Nimeandika. Niandike na Baprotestanti?"

"Andika kufuli, Kambere."

Xavier akashika chupa moja shingoni. Ilikuwa baridi mpaka kitako. Akaishika ya nyuma kabisa, nayo vilevile. Akaifunga friji.

Ilikuwa miaka ya vita, nchi imekatwa vipande. Kinshasa ilikuwa upande wake, Butembo na Beni upande wao, na katikati mstari wa mapigano ambao barua haikuuvuka wala mshahara. Huku walitawala waasi, watu wa Mouvement, kama wenyewe walivyopenda kuitwa. Walikuwa na mawaziri wao, mihuri yao na kodi zao. Xavier alikuwa mtu wa Kikwit, mbali kule magharibi, aliyepangiwa kazi Butembo na Jamhuri kabla bunduki hazijalia. Mkewe Clémence alikwenda kwao, Kikwit kule kule, kujifungua, njia ikafungwa nyuma yake. Kwa fonia ya mapadri, redio yao ya kuitana, Xavier alipata maneno machache tu: mtoto ni msichana, ameitwa Aurélie. Tangu hapo fonia haikusema tena. Kila asubuhi aliipiga pasi ya makaa sare ya serikali ambayo haikujua kama yeye bado yu hai, akaivaa, akaenda kazini.

Daktari Malachie, mkubwa wa ghala na wa afya ya eneo zima, alikuwa ameketi juu ya kreti tupu, miwani mkononi.

"Mara ya mwisho uliziona lini, Docteur?"

"Jana magharibi. Nilifunga mimi mwenyewe."

"Friji ilikuwaje?"

"Ilijaa chanjo. Mpaka kwenye mlango."

"Na hii bia?"

Daktari akavaa miwani. "Ni ya fête, ya sherehe. Mukubwa wa afya wa Mouvement anakuja kufungua campagne ya surua. Bia ilikuwa... pembeni."

"Pembeni ya nini?"

"Inspecteur, mimi naibiwa chanjo, wewe unaniuliza bia?"

"Funguo ziko kwa nani?"

"Kwangu. Na kwa Joyeuse, muuguzi, infirmière wa chanjo. Lakini yeye yuko ku kilio, kule Mangina, kupita Beni. Shangazi yake alikufa. Ruhusa nilimpa mimi."

"Kampeni ilitakiwa ianze lini?"

"Zamani." Daktari akatazama sakafu. "Mukubwa aliahirisha. Akaahirisha tena. Kuna hotuba, kuna redio, kuna bacheza ngoma. Chanjo hapana kutoka kabla ya hotuba."

"Na surua je?"

"Surua imeshatoka. Iko Mabalako, iko Mangina."

Mlinzi wa ghala, mzee Abdias, hakuwepo. Askari wa Mouvement walikuwa wamemchukua kabla polisi hawajafika. Xavier alimfuata kambini. Komanda wa kambi alimpokea akiwa amesimama.

"Fête ni Jumapili," alisema Komanda. "Nataka mwizi kabla ya hapo. Ukikosa, huyu mzee ndiye mwizi. Anashuka bondeni."

Watu wote wa Butembo walilijua bonde lile la nyuma ya kambi, na walijua kwa nini hakuna aliyelima pale ijapokuwa udongo wake ni mweusi.

Abdias alikuwa ameketi juu ya saruji, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Xavier alichuchumaa mbele yake.

"Papa Abdias, ulimuona nani?"

"Nililala."

"Wewe?"

"Nililala kama mutoto, Chef. Andika vile."

"Ninapita pale kila asubuhi. Sijakukuta umesinzia hata siku moja. Mpaka mbuzi wa jirani wanakuogopa."

"Ile siku nililala."

"Nani alikuomba ulale?"

Mzee akageukia ukuta. Kisha akauliza yeye:

"Chef, wewe uko na mutoto?"

"Ninaye."

"Mukubwa?"

"Nadhani anatembea sasa," alisema Xavier. "Sijui. Nadhani anatembea."

"Basi andika nililala," alisema Abdias kwa upole, kama anayempa mgeni kiti.

Nje ya kambi Kambere aliwasha pikipiki. "Anaficha mutu, Chef."

"Anaficha. Na huyo mtu si mchuuzi. Mzee hatoi jicho lake kwa ajili ya mchuuzi."

"Komanda anasema chanjo iliuzwa ku pharmacie za Beni."

"Twende Beni basi. Lakini nieleze hili: mwizi wa kuuza angechukua friji yenyewe, au bia. Huyu alibeba chanjo na barafu yake. Alitaka ifike ikiwa hai. Na kabla ya kutoka alikata utambi."

"Utambi wa nini, na friji anaiacha?"

"Ndicho ninachojiuliza."

Kesho yake walishuka Beni kwa barabara ya vumbi, wakipungiwa mkono hapa na kusimamishwa pale kwenye vizuizi. Duka la dawa la kwanza waliloingia, mwenyewe alicheka mpaka akashika kaunta.

"Chanjo? Nani atanunua chanjo, Inspecteur? Ile ni kitu ya Serikali. Batu bamezoea kupewa. Niletee quinine, hapo tutazungumza."

La pili na la tatu walisema hivyo hivyo, bila kicheko. Mchana ukawakuta sokoni, njaa imewabana. Kambere alinunua ndizi za kuchoma. Kando yao mama mmoja aliuza mafuta ya mawese, mtoto mapajani. Mtoto yule alivutiwa na vifungo vya sare ya Xavier. Akanyoosha mkono wa kushoto, akashika kimoja, akakivuta.

Xavier alikitazama kidole kidogo cha mwisho cha mkono ule. Ukucha wake ulikuwa umepakwa rangi ya zambarau.

"Mama, pole na kazi. Jina lako?"

"Kanyere. Mutoto anakuchafua? Acha, wee!"

"Mwache. Hii rangi ni ya nini?"

"Ya chanjo. Kwani kwenu hapana kupaka?"

"Alichanjwa wapi?"

"Kwetu Mangina, ku chapelle. Hii juma." Kanyere aliinua uso, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Xavier alikuwa hajaiona kwa mtu yeyote tangu vita vianze. "Si Serikali ilirudi? Madame wa chanjo alikuja. Alisema Serikali ilichelewa tu."

Xavier hakukiachia kidole kile upesi. Kampeni haijafunguliwa. Hotuba haijasomwa. Na tayari kuna mtoto mwenye alama. Alama ile aliijua: kila mtoto anayechanjwa katika kampeni hupakwa ukucha, kidole kile kile, rangi ile ile, asije akadungwa mara mbili. Ndiyo desturi ya kazi, tangu Kinshasa mpaka Beni.

"Mwizi gani huyu," Kambere alinong'ona, "anaiba halafu anaweka alama ku batoto bote?"

"Yule ambaye mkono wake haujui kuchanja bila kupaka," alisema Xavier. "Ni mkono huo huo uliokata utambi. Washa pikipiki."

Chapeli ya Mangina ilikuwa na kuta za udongo na benchi za mbao zilizotolewa nje. Akina mama walikaa juu yake wamebanana, watoto wamevikwa nguo za Jumapili. Mbele yao mwanamke mfupi mwenye blauzi nyeupe aliinama juu ya paja la mtoto, akadunga, akafuta, akapaka ukucha. Kando yake kulikuwa na kisanduku cha baridi. Alipoinua macho akaiona sare, hakushtuka. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyefikiwa na mgeni mapema kidogo.

"Madame Joyeuse," alisema Xavier, "pole kwa shangazi."

"Sina shangazi Mangina, Inspecteur."

"Naona. Kilio hakina mstari namna hii."

"Nikifungua kichupa, hakifungiki tena. Uniache nimalize hawa."

Kambere alisogea. "Chef, tumukamate?"

"Amefungua kichupa," alisema Xavier, akakaa kwenye ncha ya benchi, kofia magotini, akangoja zamu yake pamoja na akina mama.

Mtoto wa mwisho alilia, akabebwa, akaenda. Joyeuse alikunja taulo, akakaa juu ya kisanduku kilichokuwa kitupu sasa.

"Nilichukua mimi," alisema. "Kilio nilikizua mimi. Abdias alinifungulia lango tu."

"Alijua umebeba nini?"

"Alijua. Wajukuu wake wako huku Mabalako. Yuko wapi?"

"Kambini. Wamempiga. Anasema alilala."

Joyeuse alifunika mdomo. "Nilimwambia anitaje! Nilimwambia, Papa, bakikuuliza, taja jina langu. Si tulikubaliana?"

"Hakukutaja. Jumapili wanamshusha bondeni."

Joyeuse alilikunjua taulo, akalikunja tena.

"Kwa nini uliiba?" Xavier aliuliza.

"Magharibi ile nilienda kukata utambi, kama siku zote. Nikakuta chanjo juu ya meza, pale dirishani jua linapoingilia. Visanduku vimeloa jasho. Nafungua friji, nakuta bia. Nikamuuliza Docteur. Akasema zivumilie kidogo, bia ikishapoa sana tutabadilisha. Nikauliza, tangu lini? Akasema tangu asubuhi."

"Na kampeni?"

"Ilikuwa imeahirishwa tena siku ile ile, mpaka Jumapili. Basi zingerudi mu friji, zingetoka tena siku mukubwa akitaka bia, zingengoja hotuba. Zilikuwa bado hai, lakini hazikuwa na siku nyingi. Unaelewa? Siku ya fête tungewadunga batoto maji, mbele ya redio. Mama arudi nyumbani na ukucha wa rangi, mutoto afe na surua, na sisi tuseme Mungu amependa."

"Ungemshitaki Daktari."

"Kwa nani?" Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuelekezwa njia. "Zamani niliandika Kinshasa, walijibu. Walikawia, lakini walijibu. Sasa nani ni mwenye chanjo? Nani ni mwenye batoto hawa? Nitajie jina, nitamwendea hata kwa miguu."

Xavier aliigeuza kofia magotini.

"Kabla ya vita," Joyeuse aliendelea, "nilikuja hapa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Siku ya kilo: tunapima batoto, tunachanja. Vita ikaja. Gari hapana, mafuta hapana. Nikaacha kuja. Hii juma nimefika bila kumwambia mutu, na ilikuwa Jumatano ile. Unajua nilikuta nini? Nilikuta hawa wamekaa ku hizi benchi. Hakuna aliyewaita. Tangu vita, kila siku ya kilo wanaosha batoto, wanawavika, wanakuja, wanakaa mpaka jua linageuka. Halafu wanarudi. Na mwezi unaofuata wanakuja tena. Hakuna hata mutu mumoja alikuja kuwaambia: musingoje."

Upepo ulipita kwenye michikichi. Akilini Xavier alimwona Clémence ameketi kwenye benchi kama ile, nje ya nyumba ya mapadri ya Kikwit, akingoja fonia ambayo hakuna aliyemwambia kwamba imenyamaza.

"Kule ng'ambo," aliuliza, sauti imeshuka, "wanapaka rangi hii hii?"

"Ng'ambo wapi?"

"Kikwit."

Joyeuse alimtazama, akaelewa. "Ni programme moja, Inspecteur. Kidole kimoja, rangi moja. Kama kuna mutu bado anafanya kazi kule, amempaka."

Kambere aligeukia barabara, akajifanya anakagua gurudumu.

"Utakuja nami?" Xavier aliuliza.

"Utanifunga mikono?"

"Utashikaje kisanduku?"

Jumamosi Komanda alikuja ghalani mwenyewe, kwa sababu Xavier aliomba mahojiano yafanyike mahali pa kosa. Joyeuse alisimama kando ya dirisha. Daktari Malachie alikuwa kwenye kreti lake.

"Mwizi ni huyu," alisema Xavier. "Amekiri. Chanjo zote zimo mwilini mwa watoto wa Mangina. Abdias si mwizi."

"Basi nampeleka huyu," alisema Komanda.

"Ngoja, Komanda. Daktari hajamaliza ushahidi. Docteur, ulisema magharibi ile friji ilijaa chanjo mpaka mlangoni."

"Nilisema."

"Asubuhi niliishika bia. Ilikuwa baridi mpaka kitako, ya mbele na ya nyuma. Friji ya petroli haipozi chupa zote zile katika usiku mmoja. Ilikuwemo tangu mchana. Kama bia ilikuwemo, chanjo zilikuwa wapi?"

Daktari alivua miwani.

"Docteur, mzee amepoteza jicho kwa sababu ya jibu lako."

"Juu ya meza," alisema Malachie. Miwani ilimwanguka, hakuiokota. "Nilizitoa mimi. Niliambiwa na mutu wa itifaki: Mukubwa hapana kunywa bia ya moto. Alinywa ya moto kule Lubero, akaondoka bila kusikia neno. Na mimi nina maombi, Inspecteur! Nataka petroli. Nataka seramu. Nataka mishahara ya hawa. Sina mwingine wa kumuomba. Nikasema, siku moja tu, akae, anywe, anisikilize." Alilia waziwazi, mtu mzima, mbele ya askari. "Mimi pia nilikuwa nangoja."

Hata Kambere hakupata mzaha.

"Hayo yote yataandikwa," alisema Xavier. "Kesi ya wizi lazima iwe na mlalamikaji. Mlalamikaji ni mwenye mali. Komanda, ukimpeleka Madame Joyeuse mbele ya watu, itabidi mkubwa wa Mouvement asimame aseme: chanjo zilikuwa zangu, na zilikuwa juani kwa sababu ya bia yangu. Redio itakuwepo. Mimi nitasoma ushahidi neno kwa neno. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Kazi ya serikali gani?" Komanda aliuliza.

"Ile iliyonivalisha."

Komanda aliitazama sare ile iliyochakaa kwenye kola na kunyooka kwa pasi. Alikuwa mtu wa bunduki, lakini hakuwa mjinga. Alimwita askari wake mlangoni.

"Mfungulieni mzee, na huyu mama aende zake." Kisha akaelekeza kidole kwenye friji. "Na hiyo bia? Tunaibeba."

"Hapana, Komanda," alisema Kambere, akiwa na sura ya kanisani. "Hiyo ni kizibiti. Imekwisha kutiwa lakiri."

Fête haikufanyika. Mkubwa wa afya alipata safari nyingine. Daktari Malachie alibaki mahali pake, maana hapakuwa na wa kumtoa wala wa kumrithi. Joyeuse alinyang'anywa ufunguo na kazi. Abdias alirudi langoni na jicho moja, na mtu akimuuliza habari za siku ile bado alisema kwamba alilala. Joyeuse alimpelekea chakula kila siku. Abdias alikipokea, akimkataza kila siku kuomba msamaha.

Jumatano ya kwanza ya mwezi uliofuata Xavier alimkuta Joyeuse kando ya barabara ya Beni, amevaa blauzi nyeupe, bila kisanduku.

"Unakwenda wapi? Huna chanjo. Huna hata kazi."

"Nakwenda Mangina. Lazima mutu awaambie hapana."

Xavier alifikiri kidogo. Kisha akamwomba Kambere pikipiki.

Walipofika, benchi zilikuwa zimejaa. Watoto walikuwa wameogeshwa, kucha za zambarau zimeanza kufifia. Wengine walikuwa wachanga, waliozaliwa juzijuzi, bado hawana rangi. Kanyere wa mafuta ya mawese alimtazama mtu wa sare juu mpaka chini.

"Madame tunamujua. Wewe wa soko ya Beni, uko nani?"

Xavier aliirekebisha kola yake. Alitaka kutaja jina na cheo, lakini alichokisikia kikitoka kinywani mwake kilikuwa kingine.

"Mimi ni Serikali, Mama."

Mmoja alicheka nyuma, akanyamaza. Kanyere hakucheka. Alimpakata mtoto, akasogea, akapiga benchi kwa kiganja mahali palipobaki wazi.

"Basi kaa hapa. Tulikungoja."

Alikaa. Mtoto akashika kile kifungo chake.

"Umeleta nini?" Kanyere aliuliza.

"Sikuleta kitu. Chanjo hakuna, na sijui zitakuja lini. Nimekuja niwaambie mimi mwenyewe, na niwaeleze zile za kwanza zilikawia kwa sababu gani, na kwa mkono wa nani."

"Sema, basi."

Xavier Mayamba alivua kofia, akasimama mbele yao, akaanza kusema. Alisema mpaka jua likageuka. Hakuna mama hata mmoja aliyeondoka.